Nyumba ya Wageni ya Mbao: Tuanze na Chemchemi

(Mazungumzo na wanavikundi wa kujisaidia wa Kisii na Nyamira)



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo vikundi vingi wanaliuliza siku hizi. Wanasema: "Sisi tuna kilima kizuri, tuna hewa safi, tuna miti. Watu wa mjini wanatafuta mahali pa kupumzika. Kwa nini tusijenge nyumba ya mbao, wageni walale, kikundi kipate pesa?"

Swali hili ni zuri. Hatutaki kulivunja moyo. Ukisimama juu ya kilima cha Manga siku isiyo na ukungu, unaona nchi ikishuka mbali sana kuelekea upande wa Ziwa Viktoria. Pale Manga kuna shimo la Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee wana masimulizi yake. Huko Tabaka watu huja kutoka mbali kununua vinyago vya mawe. Njia ya Nyamira kwenda Kebirigo imezungukwa na majani chai pande zote. Uzuri tunao.

Lakini ardhi hatuna. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 950, na Nyamira zaidi ya 670. Hapa kwetu hakuna pori la kupoteza. Kila futi ya ardhi ni chakula cha mtu au ni urithi wa mtoto. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kujenga nyumba ya wageni ni lazima kijiulize kwanza: je, nyumba hii itaiacha ardhi yetu ikiwa bora au ikiwa mbaya zaidi? Na wageni wasipokuja, sisi tutabaki na nini?

Jibu letu leo ni moja. Tusianze na nyumba, tuanze na chemchemi.

Mbao ziko wapi?

Tazameni kando ya mito na vijito vyetu, mpaka kule vinakoungana na mto Gucha au mto Sondu. Mnaona nini? Mikaratusi, au bluugamu kama tunavyozoea kuiita. Tuliipanda kwa sababu inakua haraka na inaleta pesa. Viwanda vya chai huhitaji kuni za kukausha majani, na wajenzi wanataka nguzo. Hatuwezi kumlaumu mzee aliyepanda mikaratusi ili alipe karo.

Lakini mti unaokua haraka hunywa maji mengi. Ukipandwa bondeni, mizizi yake inakunywa palepale ambapo mama anachota. Akina mama ndio wanaojua zaidi: chemchemi ambayo zamani ilijaza mtungi upesi, sasa mtu anakaa akisubiri kikombe kwa kikombe. Jambo hili limesemwa hata na Serikali. Mwaka 2009, John Michuki, ambaye sasa ni marehemu, akiwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe kando ya mito na kwenye vyanzo vya maji. Amri ilitolewa, lakini mahali pengi miti bado imesimama. Sababu ni rahisi: mwenye mti anauliza, "Nikikata, nitapata nini?"

Hapa ndipo nyumba yetu inapoingia. Mkaratusi ukiuzwa kama kuni, bei yake ni ndogo. Ukipasuliwa mbao na kukaushwa vizuri, thamani inapanda. Basi kikundi kinunue mikaratusi ya bondeni kutoka kwa wanachama kwa bei ya haki, kiikate, kiipasue, na hiyo ndiyo iwe nyumba. Mti uliokuwa unakausha chemchemi unakuwa ukuta na sakafu. Mahali pake tunapanda miti inayopatana na maji, kama mikuyu, mizambarau ya kienyeji na mianzi.

Tukifanya hivyo, hata mgeni asipokuja hata mmoja, kikundi kimepata chemchemi. Hiyo ni faida ambayo benki haiwezi kuja kuichukua.

Angalizo moja: kisiki cha mkaratusi hakifi kwa kukatwa. Kinachipua, na baada ya miaka michache una miti mitatu badala ya mmoja. Kwa hiyo kisiki kiambuliwe gome mpaka chini ya udongo, na kila chipukizi linapotokea ling'olewe. Wapeni vijana wawili kazi hiyo, wapite kila mwezi mpaka visiki vife kabisa.

Msiwe na haraka na mbao

Mafundi wanaijua tabia ya mkaratusi. Ukiupasua leo na kuujenga kesho, baada ya miezi michache mbao zimejikunja kama ukindu na miisho imepasuka. Mti huu una nguvu ya ndani inayovuta. Haufai kuharakishwa.

Mbao zikishapasuliwa, zipangwe kivulini, chini ya mabati, juu ya mawe. Kati ya safu moja na nyingine wekeni vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Miisho ya kila ubao ipakwe rangi ya zamani ili isikauke kabla ya katikati. Juu wekeni mawe mazito. Ziacheni hivyo miezi sita, na zile nene zaidi mwaka mzima. Ndiyo, mwaka. Wakati huo kikundi kinapanda miti bondeni, kinatengeneza karatasi za ardhi, na kinaendelea kuweka akiba. Hakuna siku inayopotea.

Wakati wa kujenga, fundi atoboe tundu kwanza kabla ya kupiga msumari, maana mkaratusi mkavu ni mgumu na hupasuka. Kwenye maungio makubwa atumie bolti. Kama mna saiprasi au mgrevilea mpakani mwa shamba, tumieni hizo kwa milango, madirisha na dari, kwa kuwa ni laini na rahisi kupigwa randa.

Msitie miti ya asili katika hesabu ya mbao. Iliyobaki ni michache mno. Mgeni anayetoka mjini atataka kuiona ikiwa imesimama, na ndege juu yake.

Adui wawili: mchwa na maji

Nyumba ya mbao haiuawi na uzee. Inauawa na mchwa kutoka chini na maji kutoka juu. Ukiwashinda hao wawili, wajukuu wataikuta.

Kwanza, ubao usiguse udongo hata mahali pamoja. Jengeni vinguzo vya mawe au zege, vyenye urefu wa sentimita 50 hivi kutoka ardhini, na nyumba ikae juu yake. Juu ya kila kinguzo wekeni kofia ya bati iliyokunjwa kuelekea chini pande zote. Mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo. Akifika kwenye kofia ni lazima azunguke nje, nanyi mtamwona. Kila Jumamosi mtu apite chini ya nyumba na tochi na ufagio. Kazi ya dakika kumi tu.

Njia hii ina faida nyingine. Milima yetu ina mteremko mkali. Mtu akitaka kujenga nyumba ya kawaida, anachimba mlima apate uwanja. Anakata udongo, mvua inakuja, kipande cha mlima kinashuka kwa jirani. Nyumba ya vinguzo haihitaji uwanja. Vinguzo vya upande wa chini vinakuwa virefu, vya upande wa juu vinakuwa vifupi, sakafu inalala sawa, na mlima unabaki kama ulivyoumbwa. Chini ya nyumba na pembeni pandeni majani yanayoshika udongo.

Pili, paa litoke nje ya kuta sentimita 60 au zaidi kila upande, ili mvua isipige mbao. Wazee wetu walijua jambo hili. Nyumba ya zamani ya Abagusii ilikuwa ya duara, ukuta wa fito na udongo, na paa la nyasi lililoshuka chini sana mpaka likafunika ukuta. Sababu yake ilikuwa mvua. Leo nyasi za kuezeka ni haba, maana kila mahali pamelimwa. Tumieni mabati, lakini fuateni akili ileile ya kushusha paa. Ndani wekeni dari ya mbao, la sivyo mvua ikinyesha usiku mgeni hatasikia hata anachosema mwenzake.

Kuhusu dawa: mafuta machafu ya gari tumeyazoea, lakini msiyatumie kwenye nyumba ya kulala wala karibu na chemchemi. Yananuka, yanashika moto, na mvua inayapeleka majini. Kwa mbao za ndani, dawa ya boraksi inasaidia dhidi ya wadudu wanaotoboa mbao, ila mvua huiosha, kwa hiyo haifai nje. Mkinunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme, vipande vinavyobaki visichomwe jikoni kamwe. Moshi na majivu yake ni sumu.

Mahali pa kuweka nyumba

Kila mtu anataka nyumba iwe juu kabisa ya kilima. Tunasema hapana. Mtu wa Kisii haelezwi habari za radi, tumezika watu. Nyumba iliyo peke yake kileleni inaita radi. Shukeni kidogo, mahali ambapo macho bado yanaona mbali lakini mlima uko mgongoni mwenu. Hata hapo, tafuteni fundi anayeelewa kazi hiyo aweke waya mnene wa kupeleka radi ardhini. Gharama hiyo isikatwe.

Veranda ielekee bondeni, kwa kuwa mgeni atakaa hapo kuliko chumbani. Na pale ambapo wazee wanasema ni mahali pa heshima, msijenge hata kama panaonekana pazuri sana. Waulizeni kwanza.

Maji na choo

Chukueni mfano huu. Nyumba ya vyumba viwili na veranda, yenye mita 6 kwa mita 5. Ukiongeza sehemu ya paa inayotoka nje, paa lote linafunika kama mita 44 za mraba. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka hapo ni lita 44. Sehemu nyingi za kwetu hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Hizo ni lita 66,000. Toeni sehemu moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki zaidi ya lita 52,000. Wageni wawili wakitumia lita 100 kwa siku, tangi la lita 5,000 likijaa linawatosha siku 50. Kwa mvua yetu hilo ni tangi la kutosha. Basi mgeni hatagusa maji ya chemchemi ya akina mama. Tuseme wazi: nyumba ya wageni isiyo na mifereji ya paa inakuja kunyang'anya kijiji maji.

Choo kiwe upande wa chini, mbali na chemchemi kwa mita 30 au zaidi. Jengeni choo chenye bomba la hewa, aina iliyobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Bomba linatoka shimoni na kupita juu ya paa, na mdomoni lina wavu. Upepo unavuta harufu juu. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga wa bomba, anakutana na wavu, anafia hapo. Kwa hiyo ndani ya choo pawe na giza kiasi, na wavu usioze. Wavu ukitoboka, choo kimerudi kuwa cha kawaida.

Shamba ni la nani?

Sasa tufike mahali ambapo vikundi vingi vinavunjika. Nyumba inajengwa kwenye shamba la mwanachama mmoja mwema, kwa maneno ya mdomo tu. Miaka mitano baadaye mzee anafariki. Wanawe wanasema, "Nyumba iko kwa baba yetu, kwa hiyo ni yetu." Kikundi kinaenda kwa chifu mkono mtupu.

Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza: kikundi kiwe kimeandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mkataba wa kukodi ardhi uandikwe, useme ni miaka mingapi na kodi ni ngapi. Mke wa mwenye shamba akubali na atie sahihi, na watoto wakubwa wawepo wakisikia. Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, basi mwende mkakipate. Kisha muulizeni afisa wa mipango wa kaunti na afisa wa mazingira wa NEMA wanataka nini kabla ya kujenga na kabla ya kukata miti kando ya mto. Nyumba ya kulaza wageni kwa malipo huhitaji pia leseni. Ni afadhali kuzunguka ofisini miezi mitatu kuliko kubomolewa kwa siku moja.

Hesabu ya kweli

Tufanye mfano, nanyi mtaweka bei zenu. Tuseme nyumba pamoja na tangi na choo imegharimu shilingi 400,000. Mgeni analipa 1,500 kwa usiku. Sabuni, chai ya asubuhi, kufua mashuka na mlinzi vinakula 600. Kikundi kinabaki na 900. Ili kurudisha 400,000 mnahitaji usiku 445. Mkipata wageni usiku 6 kwa mwezi, ambayo si mbaya kwa mwanzo, mtachukua miaka sita na zaidi.

Sasa mtu awaambie mkope hizo 400,000 mlipe kwa miaka miwili. Kila mwezi mtadaiwa zaidi ya 16,600, hata kabla ya riba. Nyumba inaleta 5,400. Zilizobaki zitatoka wapi? Zitatoka kwenye bonasi ya chai ya wanachama, kisha ng'ombe, kisha hati ya shamba. Ndugu zetu, hati ya shamba la mtu isiwekwe rehani kwa ajili ya nyumba ya wageni. Andikeni hivyo katika katiba ya kikundi.

Njia salama ni kupunguza pesa taslimu. Miti ni yenu. Mawe ya vinguzo yako mashambani. Kazi ya kubeba na kuchimba tuna desturi yake, risaga, watu wanakuja kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho. Pesa itumike kwa yale tu msiyoweza kujitolea wenyewe: msumeno, mabati, bolti, tangi, na fundi aliyehitimu. Na muanze na chumba kimoja na veranda. Kikifanya kazi, chumba cha pili kitaongezwa kwa faida ya kile cha kwanza.

Wageni ni akina nani?

Msiwangoje Wazungu. Mgeni wa kwanza ni mtoto wetu anayefanya kazi Nairobi, anakuja Desemba na familia, na nyumba ya wazazi imejaa. Wa pili ni mtu aliyekuja kwa harusi au mazishi na hana pa kulala. Wa tatu ni mzazi aliyekuja mahafali ya Chuo Kikuu cha Kisii, au mnunuzi wa vinyago anayeshuka Tabaka. Hao wanapenda kitanda safi, maji ya moto, na usiku usio na kelele. Wapeni obokima bwa wimbi na chinsaga iliyopikwa kwa maziwa, na ndizi zetu zilizoivia mtini. Chakula hicho hakihitaji kununuliwa mjini, na pesa yake inabaki kwa akina mama wa kikundi. Hoteli za mjini zina televisheni na sisi hatutashindana nazo. Mgeni atalipa kwa sababu ya kilima, kijito na miti. Tukiviharibu ili tumjengee nyumba, tumekata tawi tulilokalia.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Chemchemi yenu ya karibu ina mikaratusi mingapi ndani ya hatua 30? Nendeni mkaihesabu, msikisie. Wenye miti hiyo ni akina nani, na watakubali bei gani?

2. Kikundi kinaweza kupoteza pesa ngapi bila mwanachama yeyote kuuza ng'ombe au kuondoa mtoto shuleni? Nyumba isizidi hapo.

3. Kama mwenye shamba angefariki leo usiku, ni karatasi gani mngeonyesha kesho asubuhi?

4. Nani atapita chini ya nyumba na tochi kila Jumamosi?

Mkiweza kujibu yote manne kwa majina na tarakimu, kateni mti wa kwanza. Mkishindwa hata moja, pandeni kwanza mikuyu bondeni. Hiyo haihitaji leseni wala mkopo, na maji yatakayorudi ni ya kijiji kizima.